Tulichokiona kilabuni Bagamoyo



Baada ya mkutano wa Jumamosi wengi mlituuliza: kwa nini sisi sita tuliotoka safarini tuliinua mikono kumtetea yule mama aliyeondolewa katika shirika kwa sababu ya lutuku? Kabla ya safari sisi wenyewe tulikuwa wa kwanza kusema aende. Tunaomba nafasi ya juma hili tuwaeleze, maana jambo lenyewe lilitokea mbali, kando ya bahari, na tena mahali ambapo mama wa kanisa hasemi kwa urahisi kwamba aliketi: kilabu cha pombe.

Mnajua kwamba tulikwenda Dar es Salaam kununua vitenge kwa feza ya sanduku letu. Tulipita Kasumbalesa, tukakata Zambia mpaka Nakonde, tukavuka Tunduma na kushuka polepole kuelekea bahari, miguu imevimba kwa kukaa ndani ya basi. Kule Kariakoo tulimaliza kununua kwa siku mbili, lakini lori la kubeba mizigo likachelewa. Siku ya Mungu, baada ya misa, binti wa mama aliyetupokea nyumbani akasema tusikae bure tukihesabu siku. Akatupeleka Bagamoyo, karibu kilomita 70 upande wa kaskazini.

Tuliona bahari kwa karibu, na mmoja wetu akaonja maji kuhakikisha kama kweli ni chumvi. Tuliona misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Tulisimama pia pale misafara ya zamani ilipokuwa ikifika na pembe za tembo, na watumwa vilevile, kutoka Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa Tanganyika, yaani kwetu Kongo. Msiri, mfalme wa Bunkeya, alikuwa mtu wa Unyamwezi, na njia ya biashara kutoka huko ilifika hadi pwani hii. Kwa njia kama hizo Kiswahili kilitembea mpaka kikafika mdomoni mwetu. Ndiyo maana tulielewana na watu wa pale, ingawa walicheka tuliposema mtu "eko", maana wao wanasema "yupo". Na tulipomwamkia mama mzee kwa "jambo", binti akatuvuta kitambaa na kutufundisha kusema shikamoo.

Jua lilipokuwa kali, binti akauliza kama tunataka kuonja tembo. Tukatazamana. Kwetu Lubumbashi Tembo ni bia nyeusi ya chupa yenye picha ya mnyama, ile ambayo waume wetu wanaijua vizuri. Akasema hapana, tembo la mnazi.

Hapa sisi wawili tunaofundisha tulikumbuka aibu yetu. Kila mwaka tunawaandikia watoto ubaoni ile mithali, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka mmoja mtoto aliinua kidole: "Mwalimu, namna gani wanatia maji ndani ya tembo?" Tulijibu kwamba labda mtu huyo alikuwa akiosha mnyama wake. Darasa liliridhika, na sisi pia tukaridhika. Lakini kama tungesoma vizuri tungeona mithali yenyewe inasema "hulitia", haisemi "humtia". Hiyo "li" ilikuwa inatuambia miaka yote kwamba mnyama hayumo. Tembo la watu wa pwani ni maji ya mnazi yanayolevya, na mgema ni mtu anayeyateka.

Tukaenda. Kilabu kilikuwa banda la makuti, mabenchi ya mbao, sakafu ya mchanga iliyofagiliwa. Mwenye kilabu alikuwa mama wa umri kama hamsini hivi, kanga kiunoni na nyingine kichwani. Wawili wetu ambao kanisa lao haliruhusu pombe waliletewa madafu, bila mtu kuwacheka. Wanne tukaonja. Tembo lina rangi kama maji ya mchele uliooshwa, ni tamu kidogo, lina ukali kidogo, na povu linakuchezea puani.

Mgema mwenyewe alikuwa amekaa pale, akatueleza kazi yake. Anapanda mnazi kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, akiwa na kotama, kile kisu chake kilichopinda. Anakata ncha ya karara la ua kabla halijafunguka, anafunga chombo chini yake, na maji yanadondoka usiku na mchana. Asubuhi na jioni anarudi kuteka na kukata tena kipande chembamba, la sivyo kidonda kinakauka. Karara lililogemwa halizai nazi, kwa hiyo mwenye shamba lazima achague: tembo au nazi. Tembo la asubuhi ni tamu, mpaka mchana limeanza kuuma, jioni ni kali, na kesho yake linaelekea kuwa siki. Hakuna anayetia chachu, linachacha lenyewe kwa hewa.

Tulimwuliza mama kama ni kweli wanatia maji. Akacheka mpaka akafuta macho. "Wangu huyu simsifu," akasema, "namlipa tu."

Hatutaki kuwadanganya kwamba mahali pale palikuwa patakatifu. Mzee mmoja alikuwa amelala kwenye benchi mdomo wazi, na saa ilikuwa bado saa nane. Mama mmoja kijana alikuja mpaka mlangoni, akamwita mume wake kwa sauti ya chini, na mume hakutoka. Sote sita tuliitambua sauti ile. Tunayo huku Katuba, tunayo Kenya, tunayo Ruashi.

Lakini kuna jambo moja tuliloliona ambalo hatukulitegemea. Mtoto wa kiume wa miaka kama kumi alifika na chupa tupu na pesa mkononi. Mama hakupokea pesa. Hakumpigia kelele pia. Alisema tu: "Mwanangu, rudi. Mwambie aliyekutuma aje mwenyewe." Mtoto akasita, akasema atapigwa. Mama akaacha kazi yake, akamshika mkono, akaenda naye. Wateja wakangoja. Aliporudi peke yake aliendelea kumimina kama kwamba hakuna kilichotokea, wala hatukumwuliza walisemezana nini huko. Binti yetu akasema ndiyo desturi yake, kila mtu pale anaijua.

Katika basi la kurudi Dar es Salaam hakuna aliyezungumza. Kisha mmoja wetu, hatutasema nani, akasema: "Ni mimi niliyemtuma."

Wamama, nyote mnakumbuka kwa nini tulimwondoa yule mwenzetu. Mtoto wa mwaka wa tano alilala juu ya meza darasani, na mwalimu alipomwinua alisikia harufu ya lutuku. Mtoto alikuwa ametumwa kuinunua usiku kwenye matanga ya kartie, akaonja njiani, na asubuhi akaonja iliyobaki chini ya kitanda. Tulikusanyika kwa hasira. Tuliuliza nani aliuza. Jina likatajwa, tukapiga kura, mama akachukua kitenge chake cha shirika akakikunja, akatoka. Katika saa mbili za mkutano hakuna hata mmoja aliyeuliza nani alimtuma mtoto.

Aliyemtuma alikuwa amekaa katikati yetu. Na sisi watano wengine hatuwezi kumnyooshea kidole, maana matanga yale yalikuwa ya kwetu sote. Wanaume waliokesha walitaka kitu cha kuwapa joto, feza ya bia haikutosha, tukachanga faranga, na mtoto aliyekuwa karibu ndiye aliyepewa chupa. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Mtoto ana miguu myepesi, mtoto hana aibu ya kuonekana kwenye lupango la lutuku. Aibu yetu sisi watu wazima tunaibebesha yeye.

Hatusemi kwamba lutuku ni sawa na tembo. Tembo la mnazi, sawa na munkoyo wetu uliolala siku mbili tatu, hata likichacha haliendi mbali zaidi ya bia kali. Lutuku inachemshwa ndani ya pipa, mvuke unapita ndani ya bomba na kupozwa, na kinachodondoka kina nguvu mara nyingi zaidi. Kama mtu ameongeza uchafu wake, inaweza kumharibu mtu macho, hata kumwua. Mwili wa mtoto wa miaka kumi na mmoja unaangushwa na kiasi ambacho baba yake hata hakisikii. Kwa hiyo hatukuinua mikono kwa ajili ya lutuku. Tuliinua mikono kwa sababu hukumu yetu ilikuwa nusu.

Juma lililopita, tulipokwisha kugawa vitenge, tulikwenda nyumbani kwake. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akabaki amesimama. Tulimwomba msamaha kwa nusu ile. Kisha tukampa wazo letu: aache lutuku, atengeneze munkoyo, na shirika limkopeshe unga wa mahindi wa kuanzia. Kazi ya munkoyo anaijua tangu kwa mama yake: kupika uji, kuponda mizizi na kuiloweka, kuchanganya uji ukiwa vuguvugu mpaka ulainike na kuwa mtamu bila sukari, kuchuja, kuulaza. Munkoyo wa siku ya kwanza hata mtoto anakunywa baada ya masomo, na matangani wazee wanaupenda.

Hakuruka kwa furaha. Alituambia ukweli: bidoni moja ya munkoyo haileti nusu ya feza ya bidoni ya lutuku, na munkoyo hauwezi kungoja mteja, kesho kutwa umeharibika. Ana watoto wanne kwenye masomo, na malipo ya masomo hayaulizi unauza nini. Alisema yuko tayari kujaribu miezi mitatu, kama deni la unga halitaanza kulipwa kabla ya mwezi wa pili. Ndiyo habari ambayo tutaileta mbele yenu.

Tulipokuwa tunasimama kuaga, alituuliza swali. Hakuliuliza kwa hasira, na pengine ndiyo sababu linatusumbua mpaka leo.

"Mimi nikizima pipa langu, kuna mapipa mengine matatu kwenye barabara hii. Na nyinyi, mtaacha kuwatuma watoto?"

Hatukuweza kujibu kwa niaba ya wote. Kwa hiyo Jumamosi, saa nane, kutakuwa na mambo mawili ya kupigia kura. La kwanza ni yeye kurudi, na mkopo wa unga. La pili ni sheria mpya ya shirika: hakuna mwana wetu, wala wa ndugu, wala wa jirani, atakayetumwa kununua pombe ya aina yoyote, hata kwenye matanga, hata kama baba ndiye anayeomba. Anayetaka kinywaji aende mwenyewe kwa miguu yake.

Yule aliyesema "ni mimi" ndani ya basi ameomba azungumze wa kwanza. Tunawasihi mfike mapema, na mumsikilize mpaka amalize.