Askari wa gemu anayetaka kukaa ndani ya kerneli

Leo naandika kuhusu kitu ambacho wachezaji wengi wa gemu za kompyuta hukibofya "kubali" bila kukisoma: ile programu ya kuzuia udanganyifu inayokuja pamoja na gemu za mtandaoni. Mimi huiita askari wa gemu, maana kazi yake ni kukagua kama kuna mchezaji aliyeweka programu ya kumlengea shabaha au ya kumwonyesha adui aliyejificha nyuma ya ukuta. Ni kazi nzuri. Aliyewahi kuuawa mara kumi mfululizo na mtu ambaye hata hakupaswa kumwona hahitaji kuelezwa. Shida yangu ni mahali ambapo askari huyu anataka kukaa.

Ngoja nieleze kidogo kwa wale ambao hawakusomea mambo haya (wanaojua waruke aya mbili). Kompyuta yako haiziamini programu zote sawasawa. Prosesa za Intel na AMD zina ngazi za mamlaka, na zinazotumika hasa ni mbili. Ngazi ya 3 ni ya programu za kawaida: kivinjari, muziki, Word, hata gemu yenyewe. Ngazi ya 0 ni ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, kinachogawa memori, diski na muda wa prosesa. Programu ya ngazi ya 3 ikitaka kusoma faili haiendi kwenye diski yenyewe. Inaomba, na kerneli ndiyo inayoamua.

Hapa kwetu Garbatulla ukitaka kumweleza mtu jambo hili haraka, mwambie afikirie kisima. Kwa desturi ya Waborana kisima kina aba herega, mzee anayesimamia zamu za kunywesha mifugo. Huji na ngamia wako ukaingia tu, unapewa zamu. Kerneli ndiyo aba herega. Sasa mwenye gemu anakuja na kusema: kuna wachungaji wanaoiba zamu, kwa hiyo nitaweka mtu wangu akae ubavuni mwa mzee, awe na mamlaka sawa na yake, amwone kila anayekuja, na awe amefika kabla ya alfajiri kila siku, hata siku ambayo mimi sina mnyama wa kunywesha.

Hayo ya mwisho sijayatia chumvi. Vanguard, askari wa kampuni ya Riot Games aliyekuja na gemu ya Valorant mwaka 2020, ana draiva inayoanza kazi Windows inapowaka, haisubiri ufungue gemu. Ukiizima, huwezi kucheza mpaka uwashe kompyuta upya. Mwaka 2024 aliletwa pia kwenye League of Legends, gemu ambayo watu walikuwa wakiicheza tangu 2009 bila mgeni huyo. Tusiwaonee lakini, sababu zao za kiufundi ni za kweli. Muuza udanganyifu akiweka draiva yake ngazi ya 0, askari aliyebaki ngazi ya 3 anachezewa akili. Akiuliza kilichomo kwenye kipande fulani cha memori, anapewa jibu lililopikwa. Ndiyo maana naye akapanda ngazi, na ndiyo maana anataka kuwahi kabla ya wengine wote.

Swali ninaloulizwa sana ni kama wanatupeleleza. Mwaka 2020 Riot walisema draiva yenyewe haikusanyi wala kutuma taarifa za kompyuta yako, na wakaahidi zawadi ya hadi dola 100,000 kwa atakayegundua kasoro kubwa ndani yake. Sina ushahidi wowote kwamba walidanganya. Ila naona swali hilo halitoshi. Ukimpa mtu ufunguo wa nyumba, si lazima yeye awe mwizi ndipo uibiwe. Tazama yaliyokwisha kutokea.

Septemba 2016 Capcom walitoa sasisho la Street Fighter V likiwa na draiva mpya ya kuzuia udanganyifu. Draiva ile ilikuwa na mlango ambao programu yoyote ndogo ingeweza kuutumia kuendesha amri zake ndani ya kerneli. Yoyote! Watu wakapiga kelele, sasisho likaondolewa upesi. Hapo hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ulikuwa uzembe tu wa waandishi wa programu wenye haraka. Mimi ni mwandishi wa programu na haraka hiyo naijua.

Miaka mitatu kabla, 2013, kulikuwa na kisa kibaya zaidi. ESEA, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiendesha ligi za Counter-Strike, iliwataka wachezaji waweke programu yake ya kuzuia udanganyifu. Ndani yake mfanyakazi akaingiza msimbo wa kuchimba bitcoin. Kompyuta zipatazo 14,000 zikawa zinachimba sarafu kwa ajili ya wengine huku wenyewe wakishangaa kwa nini feni zinalia usiku. Kampuni ilifikia maafikiano ya dola milioni moja na serikali ya jimbo la New Jersey. Kwa hiyo mnapoambiwa "kampuni hii ni ya kuaminika", kumbukeni kampuni ni watu, na inatosha mmoja.

Kisa kinachoninyima usingizi ni cha tatu. Mwaka 2022 kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza shambulio ambalo wahalifu walitumia draiva ya askari wa Genshin Impact, faili inayoitwa mhyprot2.sys, kuzima programu za kuzuia virusi kabla ya kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Waliovamiwa hawakuhitaji kuwa wachezaji wa Genshin. Mwizi alikuja na draiva yake mkononi, na Windows ikaikubali kwa sababu ilikuwa na sahihi halali. Yaani askari halali wa kampuni halali aligeuka silaha dhidi ya watu ambao hawajawahi hata kuiona hiyo gemu. Katika hali kama hiyo, ile ahadi ya "sisi hatukusanyi data zako" inasaidia nini?

Na hata pasipo mhalifu, kosa la ngazi ya 0 halifanani na kosa la ngazi ya 3. Kivinjari kikianguka unakifungua tena. Kerneli ikianguka kompyuta nzima inalala. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, ambayo ni programu ya usalama isiyohusiana na gemu lakini inayokaa mahali pale pale, liliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows kwa hesabu ya Microsoft wenyewe. Nyingi zilitaka mtu aende kwa mguu, aiwashe mashine kwa njia ya dharura na kufuta faili. Fikiria kazi hiyo kama fundi wako yuko Isiolo mjini nawe uko huku.

Sasa, kwa nini mtu wa Garbatulla ajali? Vijana wengi huku wanacheza kwa simu, na Android haimruhusu mwenye gemu kuingia kwenye kerneli. Askari wa gemu za simu hukaa ndani ya mipaka ya programu yake. (Simu za mkopo zinazojifunga usipolipa ya leo ni hadithi nyingine, nitaiandika siku yake.) Lakini wenye kompyuta tupo, na sifa yetu kubwa ni kwamba kompyuta ni moja kwa kila jambo. Mchezaji wa Ulaya anayo mashine ya gemu na nyingine ya kazi. Mimi nina laptopu moja, mtumba uliokuja kutoka Uingereza, prosesa ya Intel ya kizazi cha sita. Ndani yake kuna msimbo wangu, kuna funguo za seva za wateja, na kuna daftari la wafanyabiashara wa mifugo niliowaandikia programu ya kurekodi mauzo: majina, namba za simu, namba za vitambulisho, nani anamdai nani.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu aliponiomba nimwekee Valorant wakati wa likizo, daftari hilo ndilo lililonijia kichwani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde ipasavyo, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Sheria hiyo haijali kama mlango uliachwa wazi na mhasibu au na gemu. Inasema pia data za mtoto zisishughulikiwe bila ridhaa ya mzazi. Dada yangu hakuwahi kuulizwa chochote na gemu yoyote ile, aliyebofya ni kijana.

"Lakini Mjomba, si utaweka pasiwedi kwenye folda?" Nikamweleza kwamba pasiwedi ya folda inalindwa na kerneli, na huyo ndiye tunayemwekea mwenzake. Hata kugawa diski mara mbili, Windows ya gemu na Linux ya kazi, hakutoshi kama sehemu ya kazi haijafungwa kwa usimbaji fiche, kwa sababu draiva ya ngazi ya 0 inaweza kuisoma diski nzima moja kwa moja. Na hata iliyofungwa inaweza kufutwa.

Kuhusu kasi, nitakuwa mfupi kwa sababu watu hutia chumvi. Draiva iliyotulia hailи umeme mwingi wala memori nyingi. Inaitwa pale programu inapoanza au faili ya msimbo inapopakiwa, inaangalia, inaendelea. Gharama halisi iko kwenye masharti. Kwenye Windows 11 Vanguard anataka Secure Boot na TPM 2.0. Battlefield 6 ya mwaka 2025 nayo inataka Secure Boot. Laptopu yangu ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha ya Windows 11, inayoanzia kizazi cha nane kwa Intel, nayo Windows 10 iliacha kupata viraka vya usalama vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa ujiandikishe kwenye mpango wa nyongeza. Kwa hiyo mwenye mtumba ana mfumo uliozeeka, na juu ya mfumo huo anaombwa aongeze draiva nyingine ya kerneli. Mwenye mashine mpya yuko salama zaidi kwa gemu ile ile.

Njia nyingine ipo. VAC, askari wa Valve kwenye Counter-Strike 2 na Dota 2, hakai kwenye kerneli. Anashindwa mara nyingi, wachezaji wanamlaumu kila siku, na walaghai wapo. Lakini walaghai wapo hata kwenye gemu za kerneli, kwa sababu wenye pesa hununua kadi ya kusoma memori kutoka kompyuta ya pili, ambayo draiva ina kazi ngumu kuiona. Mimi naona gemu ingekagua zaidi kwenye seva zake: isimtumie mchezaji mahali alipo adui ambaye hapaswi kumwona, na ichunguze mwendo wa wanaolenga kupita uwezo wa binadamu. Inagharimu kampuni pesa za seva. Ya kerneli inatugharimu sisi. Mpwa anacheza Dota 2 kwenye Linux na ananung'unika.

Kuna mahali ambapo jambo hili ni zito kuliko kwangu, nako ni kwenye saiba. Watu wa huku hufungulia saiba eCitizen, kodi za KRA, maombi ya mkopo wa HELB, barua pepe zenye vyeti vilivyoskaniwa. Jioni mashine zile zile vijana wanazilipia kwa saa na kucheza. Kama unamiliki saiba, fungua Command Prompt (usitumie PowerShell, huko herufi "sc" zinaweza kuwa na maana nyingine) uandike:

sc query vgk

Ukiona neno RUNNING, draiva ya Vanguard iko kazini muda huu, hata kama hakuna anayecheza. Inaondolewa kwenye orodha ya programu za Windows kama programu nyingine, chini ya jina Riot Vanguard, kisha uwashe mashine upya.

Nilifanya hivyo na rafiki yangu mwenye saiba Isiolo, kwenye mashine zake sita. Nne zilikuwa nayo, mojawapo ile iliyo karibu na printa, ambayo kila mtu huitumia kwa eCitizen. Sasa ametenga mbili za gemu upande wa ukutani, amezitoa kwenye mtandao wa ndani unaoshiriki mafaili, na amebandika karatasi kwenye skrini: HAPA NI GEMU TU, USIFUNGUE BENKI WALA SERIKALI. Zile nne nyingine tulizisafisha na kuweka Windows upya, kazi iliyotuchukua kutoka magharibi hadi karibu alfajiri kwa sababu ya bando.