Matone Yaliyoendeshwa kwa Sauti

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale Chuo Kikuu cha Augsburg, Ujerumani, kundi la Profesa Achim Wixforth lilikuwa likiendesha matone ya maji kwa sauti. Nilikuwa mwanafunzi huko. Zaidi ya miaka 20 imepita, na bado nikisimulia watu hudhani nazungumzia spika. Sauti ile ilizidi megahezi 100, hakuna sikio linaloisikia, na haikupita hewani. Ilipita juu ya uso wa kipande cha fuwele ya lithiamu niobati.

Mwanafizikia Lord Rayleigh aliyaeleza mawimbi hayo ya usoni mwaka 1885. Mwaka 1965, kule California, watafiti White na Voltmer wakaonyesha njia rahisi ya kuyazalisha: mistari ya metali iliyopishana kama meno ya vitana viwili huwekwa juu ya fuwele na kupewa umeme, na fuwele hutikisika. Uso hupanda na kushuka kwa nanomita chache tu.

Katika jaribio nililoliona Augsburg, tone lilikuwa limetuna juu ya fuwele, maana uso ulipakwa dawa isiyoshika maji. Umeme ukawashwa. Wimbi lilipofika chini ya tone likapenya ndani kwa mshazari, nyuzi kama 22 kutoka wima, kwa kuwa sauti huenda polepole zaidi majini kuliko kwenye fuwele. Maji yakazunguka ndani, tone likainamia mbele, likaondoka kulekule wimbi linakoelekea. Mistari ya upande wa pili ikawashwa, tone likarudi. Hapakuwa na pampu, mrija wala vali.

Mwendo wenyewe haukunishangaza sana. Mwelekeo ndio uliniteka: njia yote ya tone ilikuwa kwenye swichi. Nguvu ikipunguzwa, maji yalichanganyika palepale bila tone kuhama, jambo lenye faida kubwa, kwani vimiminika vidogo hivyo ni vigumu mno kuchanganya. Ikizidishwa, tone liliruka au kugeuka ukungu.

Wengi wanaosimulia habari hii huanzia Ujerumani, na kwangu hiyo si haki. Showko Shiokawa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shizuoka, Japani, walikwisha kuripoti mwaka 1989 jinsi mawimbi hayohayo yanavyosukuma maji. Augsburg ilikuja baadaye, ikayapeleka kwenye kazi za baiolojia. Mwaka 2005 ilichapishwa habari ya chipu inayonakili DNA ndani ya tone lililofunikwa mafuta lisikauke.