Akiba Haiozi

Wahenga walisema kuwa akiba haiozi, na watu wengi huipokea methali hiyo kama sifa ya kuweka, wakaridhika. Lakini mtu akiipima mbele ya lundo la vitunguu huko Nduguti, ataona kuwa ndani yake limefichwa swali. Kitunguu ni mali, na kitunguu huoza. Basi ni kitu gani kinachogeuza mali iozayo kuwa akiba isiyooza?

Nduguti ni makao makuu ya wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 baada ya Iramba kugawanywa. Nchi ile hupata mvua ya msimu mmoja, ambayo aghalabu huanza Desemba na kukoma Aprili. Miezi iliyobaki ni ya jua na upepo. Watu wake hulima mtama, uwele, mahindi na alizeti, na penye maji hustawisha vitunguu. Kitunguu chekundu cha Singida kina jina kubwa katika masoko ya mbali. Walakini sifa ya kitunguu ni jambo moja, na faida ya mkulima ni jambo jingine. Vitunguu vya majirani hukomaa pamoja, hung'olewa pamoja na hufika sokoni pamoja, na wingi wake huvunja bei. Mnunuzi ajua kuwa mwenye kitunguu hawezi kungoja. Hapo ndipo inapokuja lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ya kinywa chake hata likapita kilo 100, ambazo ndizo kikomo cha sheria ya vipimo, nalo hulipwa kama gunia moja. Sheria huifukuza lumbesa, lakini haraka huirudisha. Mkulima hapunjwi na kipimo peke yake. Hupunjwa pia na uchache wa siku alizo nazo.

Isidhaniwe kuwa watu wa nchi ile hawajui kuhifadhi. Mlenda ni ushahidi wao. Majani huchumwa wakati wa mvua, huanikwa, hutwangwa na kuwekwa. Na mwezi wa kiangazi, wakati ardhi haina hata jani moja bichi, ugali wa uwele hupata kitoweo. Jua, ambalo ni adui wa mimea, limefanywa mtumishi wa chakula. Kila mama atwangaye mlenda ajua kwa mkono wake jambo ambalo wataalamu hulieleza kwa maneno marefu, kwamba uozo hauwezi kuishi pasipo maji.

Watu wa pwani walifika kwenye kweli hiyo kwa njia nyingine. Wao wana kachumbari na achari, majina mawili yaliyovuka bahari kwa biashara ya Uhindi na Uajemi. Kachumbari hukatwa na kuliwa siku ile ile. Achari hufungwa na kungojwa. Kachumbari ni ya leo, achari ni ya kesho. Embe mbichi, ndimu, pilipili, karoti na vitunguu hukaa pamoja katika chupa moja, kila kimoja kikiazima ladha ya mwenzake. Siki yenyewe ni mwana wa kusubiri: tembo la mnazi likiachwa wazi, vijidudu visivyoonekana kwa macho hukigeuza kileo kuwa ukali. Louis Pasteur wa Ufaransa aliichunguza kazi ya vijidudu hivyo katika miaka ya 1860, lakini wagema walikuwa wameitumia zamani kabla ya kuzaliwa kwake.

Njia hizi mbili hukutana pale ambapo ndoa huwakutanisha watu. Mke mmoja, mzaliwa wa Tanga aliyeolewa Nduguti, alitia vitunguu vya mumewe katika chupa wakati wa mavuno, bei ilipokuwa imeanguka. Wageni walipofika, aliiweka chupa mezani. Mama mkwe alifungua, akanusa, akaufunika mdomo kwa upande wa kanga.

“Mwanangu, hiki kimechacha. Ndicho tuwape wageni?”

“La, mama. Hakikuchacha, nimekichachusha.”

Mzee yule alikitazama kitunguu kwa muda, akakitafuna, na kitunguu kikalia kati ya meno yake kama kilichong'olewa asubuhi ile. Akasema, “Kumbe ni kama mlenda wetu, ila huu ni mlenda wa maji.”

Katika maneno mawili ya mkwe yule limo jibu la swali letu. Kuchacha ni jambo linalokipata chakula kilichoachwa. Kuchachusha ni jambo ambalo mtu hukitendea chakula kwa kujua. Ukali ni ule ule, lakini mmoja ni ajali na mwingine ni kazi. Kazi hiyo ina adabu zake. Vitunguu humenywa, hukatwa, hunyunyizwa chumvi na kulazwa usiku mmoja, ili chumvi ivute maji yaliyomo. Kisha husuuzwa na kuchujwa. Siki huchemshwa pamoja na viungo, lakini atakaye vitunguu vikakamavu huiacha ipoe kabla ya kuimimina, kwa kuwa moto huyeyusha gundi ya asili inayoshikamanisha nyama ya mboga. Sufuria ya alumini haifai, maana ukali huila. Chupa ya kioo au chombo cha udongo kilichopakwa rangi ya kioo isiyo na risasi ni bora. Wala siki haifai kuongezwa maji ovyo kwa tamaa ya kuokoa senti. Ukali ndio mlinzi wa chupa, na mlinzi aliyedhoofishwa huweza kuiingiza sumu ndani. Kitunguu chekundu hulipa uangalifu huo kwa uzuri: wekundu wake uliofifia hung'aa ndani ya siki, ukawa waridi.

Hapana budi kusema kweli yote. Chupa ishirini za achari haziwezi kumaliza magunia ishirini ya vitunguu, na siki ya dukani hununuliwa kwa fedha ambayo wakati wa mavuno ni haba. Achari haichukui nafasi ya ghala lenye hewa, wala ya mizani ya haki. Lakini Singida ina asali, na asali yaweza kuzaa siki kama tembo la mnazi lizaavyo. Tena nyumba iliyokwisha kujua kuanika haiko mbali na kujua kuchachusha. Thamani ya chupa haiko katika wingi wa vitunguu vilivyomo tu. Iko pia katika kumfundisha mwenye mali kuwa siku za mali yake zaweza kuongezwa, na kwamba anayeweza kungoja husikilizwa sokoni.

Kwa hiyo methali ile yafaa isomwe upya. Akiba haiozi, si kwa sababu iliwekwa, bali kwa sababu ilitengenezwa. Kitu kilichowekwa tu ni lundo, na lundo hungoja mnunuzi au uozo, yeyote atakayetangulia kufika. Kati ya lundo na akiba pana mkono wa mtu, chumvi kidogo, na subira.