Kopo la mwani na mifupa ya mama



Ndugu zangu wasomaji, leo nataka kuwasimulia habari ya kopo la unga wa kijani lililoingia nyumbani kwetu hapa Batsinda. Najua makopo ya namna hiyo yamo katika nyumba nyingi, ila tunaona haya kuulizana.

Mama yangu ana miaka 67. Sisi ni katika familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu mwaka 2008, na tangu tuje huku mama amezoea kupanda na kushuka kwa miguu yake. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, aliteleza uani na ndoo ya maji, akajikinga kwa mkono, kifundo kikavunjika. Muuguzi alituambia mfupa haupaswi kuvunjika kwa kuteleza kidogo namna ile, kwa hiyo mama arudi achunguzwe mifupa. Tulirudi kufungua plasta tu. La kuchunguzwa tukaliacha, na aliyeliacha ni mimi.

Badala yake nikanunua kopo. Dada mmoja ninayeswali naye, ninayemheshimu sana, alinieleza kuwa ni mwani uitwao spirulina, chakula cha heroe wa Nakuru na Bogoria, na kwamba unajenga mifupa. Faranga elfu 18, gramu 200. Kila asubuhi mama alitia kijiko katika uji, akakunja uso, akanywa. Tulimaliza makopo manne.

Jambo moja sikuliona. Mama alikuwa na desturi ya kunywa bilauri ya ikivuguto kila jioni, yale maziwa mgando yetu. Akaacha. Nilipomuuliza baadaye akanijibu, "Mwanangu, dawa si ninayo? Maziwa wanywe watoto."

Aliyetufumbua macho ni mwanangu, mwanafunzi wa sekondari. Alikaa na kopo mezani, akasoma maandishi ya nyuma, akachukua kalamu. Gramu 100 za unga ule zina miligramu 120 hivi za kalsiamu. Kijiko cha mama ni gramu 7, yaani miligramu 8. Bilauri ya maziwa ina kama 300. Na mwanamke wa umri wake anahitaji kama 1,200 kwa siku. "Mama," akasema, "bibi itabidi ale kilo nzima kila siku." Tulicheka, kisha mimi nikanyamaza, maana nilikuwa nimemnyang'anya mama yangu miligramu 300 na kumpa 8, kwa faranga elfu 72.

Tusiudhulumu mwani lakini. Spirulina ni chakula chenye protini nyingi, na wanawake wa Kanem kule Chad huukausha na kuutia kwenye mchuzi tangu zamani. Kosa ni kuubebesha kazi ya mifupa.

Upo mwani mwingine ambao kweli una kalsiamu. Ni mwekundu, mgumu kama matumbawe, unavuta chokaa kutoka baharini, na huvunwa huko Iceland na kusagwa. Karibu theluthi ya unga wake ni kalsiamu. Ila iliyomo kwa sehemu kubwa ni chokaa ile ile ya vidonge vya kawaida vya duka la dawa. Anayenunua vidonge vya mwani atazame pia ganda limetengenezwa kwa jelatini ya mnyama gani.

Nina wifi Paje, Zanzibar, ambako wanawake wanalima mwani wa kuuza nje tangu mwaka 1989. Nikampigia simu kumuuliza kama wanautumia kwa mifupa. Alicheka sana. "Wifi, sisi mwani twauza, na sabuni twatengeneza. Mifupa twala dagaa."

Basi nikamchukua mama na kadi yake ya mitiweli, tukaanzia kituo cha afya, tukapelekwa hospitali. Daktari alimuuliza mambo ambayo kopo halikuuliza: hedhi ilikoma lini, anatumia dawa gani, amewahi kuwa na mawe kwenye figo, anapata jua kiasi gani. Hili la jua lilinigusa, maana wanawake wengi tunashinda ndani, na tukitoka tumejisitiri, na bila vitamini D kalsiamu haiingii mwilini vizuri. Sasa mama anakaa uani kwetu asubuhi, mikono na miguu wazi, hakuna wa kumwona. Amepewa vidonge kwa kipimo, wala si vya kumeza ovyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2006, wa wanawake zaidi ya 36,000, ulionyesha kuwa waliopewa kalsiamu na vitamini D walipata mawe ya figo zaidi kuliko wenzao. Ikivuguto imerudi, na sambaza wa Ziwa Kivu tunawakaanga wazima na mifupa yao.

Iliyobaki ilikuwa kumwambia yule dada. Niliogopa kumvunjia heshima, nikachelewa wiki mbili. Nilipomweleza hesabu ya mwanangu alikaa kimya, kisha akasema na mama yake mzazi anatumia, na yeye pia alimwachisha maziwa. Jumamosi alikuja nyumbani na mfuko wenye makopo matano ambayo hajayauza, akaomba kijana amsomee.

Wassalaam.