Majani Yaliyofichwa Ndani ya Kanga

Wengi wetu tunakijua kivumbasi tangu utotoni. Lakini siku moja harufu yake ilitufundisha jambo ambalo hatukufundishwa chuo cha uuguzi.

Ilikuwa alfajiri, mwishoni mwa masika, katika zahanati ya kijiji kimoja wilayani Muheza. Tulikuwa wawili zamu. Mama kijana aliingia amembeba mtoto wa miaka mitatu, na mama mkwe wake akimfuata nyuma. Tulipouliza homa imeanza lini, mama alitazama chini akajibu, "Jana jioni, nesi." Tukaifungua kanga ili tumpime mtoto. Harufu ikatujaa puani, na majani yaliyopondwa yakaanguka sakafuni. Mwili mzima wa mtoto ulikuwa umesuguliwa kwa kivumbasi. Wala si mara moja, maana majani mengine yalikuwa yamekaukia mgongoni.

Homa ile ilikuwa ya siku ya nne. Mtoto alikuwa amekwisha kushikwa na degedege mara mbili. Hakujitambua, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa kupungukiwa damu. Kipimo kikaonyesha malaria. Tulimchoma sindano ya kwanza, tukasimamisha gari lililokuwa likipeleka machungwa mjini, akakimbizwa hospitali kuongezewa damu.

Tukiwa bado barabarani, midomo yetu ilikuwa tayari kumlaumu yule bibi. Yeye akatutangulia. Alisema kwa upole, "Wanangu, tuliogopa mtatugombeza. Mwaka jana jirani yangu alikuja na mtoto amepakwa majani, mkamsema mbele ya watu wote hata akalia. Tukasema tungoje kwanza, labda itapoa."

Hatukuwa na jibu. Alichosema kilikuwa kweli. Tulimsema yule jirani, tena kwa sauti kubwa, tukidhani tunafundisha. Kumbe tulikuwa tukiwafundisha wanawake kuficha, na anayeficha huchelewa.

Tukarudi nyumbani tukijiuliza: hivi sisi wenyewe hatukulelewa na kivumbasi? Bibi yetu mzaa mama alikuwa akikata matawi yake kando ya njia na kwenye mashamba yaliyoachwa, maana huota chenyewe bila kupandwa. Jioni aliweka majani juu ya makaa, moshi ukafukuza mbu. Tukipata mafua, alichemsha sufuria tukavuta mvuke. Tumbo likijaa gesi, alitupa kikombe cha maji yake ya uvuguvugu. Hata mahindi na maharage ya akiba aliyachanganya na majani makavu ili wadudu wasiyatoboe. Hakuwa mshirikina. Alikuwa mama wa nyumba aliyetumia alichopewa na Mungu.

Wala hakukosea katika yote. Ukivunja shina la kivumbasi utaona lina pembe nne, na baadhi ya aina zake hunukia kama karafuu, kwa sababu zina mafuta ya eugenoli, yaleyale yaliyomo ndani ya karafuu. Mwaka 2008 watafiti walioandika juu ya mimea ya kufukuza mbu kaskazini mashariki mwa Tanzania walieleza jinsi wenyeji wanavyotumia kivumbasi, na majaribio yakaonyesha kwamba mbu hukikwepa. Hata hivyo moshi ukiisha, mbu hurudi. Ndiyo maana kivumbasi hakichukui nafasi ya chandarua chenye dawa.

Hapo ndipo penye mpaka wenyewe. Kivumbasi kinaweza kumfukuza mbu nje ya mwili. Vijidudu vya malaria vilivyokwisha kuingia ndani ya damu ya mtoto, kumsugua majani hakuviui. Tena malaria ya huku kwetu haina subira. Mtoto mdogo anaweza kuamka na homa asubuhi, na kesho yake akawa hajitambui. Tunapomsugua, mwili hulowa na kupoa kidogo, nasi tunasema dawa imefanya kazi. Kumbe ugonjwa unaendelea.

Kuna na neno jingine linalowachelewesha akina mama: kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Wapendwa, si kweli. Wengi walifikishwa kwetu wakiwa wamechelewa mno, wakafa baada ya sindano, na sindano ikabeba lawama ya siku zilizopotea.

Wala tusidhani kwamba hospitali inadharau majani. Dawa ya mseto, ambayo Tanzania Bara ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006, nusu yake ina asili ya mmea. Dawa hiyo ya asili iligunduliwa katika mmea wa artemisia na mwanasayansi wa China, mama Tu Youyou, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Alianzia kwenye dawa za wazee wa kwao. Lakini hakuishia kwenye sufuria. Dawa ilichujwa, ikajaribiwa, ikapimwa kiasi chake. Nasi tunakumbuka kwamba mfalme Hezekia alipomwomba Mungu katika ugonjwa wake, Isaya aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala na dawa havikugombana.

Tangu siku ile tumebadili swali letu. Hatuulizi tena, "Kwa nini umempaka majani?" Tunauliza, "Mama, mmemsaidiaje nyumbani kabla ya kuja?" Tunasikiliza, tunaandika, tunashukuru, ndipo tunapima. Na katika kikundi cha akina mama kanisani, tumekaa na mabibi tukazungumza juu ya kivumbasi waziwazi, kila mmoja akisema alivyofundishwa.

Tulichokubaliana ni hiki. Choma kivumbasi jioni, lakini mtoto asilazwe penye moshi, na chandarua kishushwe. Usimfunike mtoto mdogo juu ya sufuria ya maji ya moto, tumewaona walioungua. Mjamzito asinywe majani yoyote kabla ya kumwambia muuguzi wake. Na mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Akishikwa na degedege, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea, usingoje hata saa moja. Kama umekwisha kumpaka majani, njoo naye hivyohivyo. Usipoteze muda kumwosha.

Na sisi wauguzi tunaosoma ukurasa huu, tuchunge ndimi zetu. Neno moja la ukali linaweza kumrudisha mama nyumbani na mgonjwa wake.

Yule mtoto alipona. Sasa yuko shule ya msingi, ila mguu wa kushoto anauburuta kidogo, alama ya malaria iliyopanda kichwani. Bibi yake ndiye anayetusaidia kijijini. Akisikia mtoto wa jirani ana homa, hufika yeye mwenyewe, humfunga mama yule kanga vizuri na kumwambia, "Twende, mwanangu. Siku hizi hawagombezi."

Kila tunapomwona akiingia mlangoni na mgonjwa wa homa ya asubuhi ileile, tunamshukuru Mungu, na tunamwomba atusaidie ili maneno ya bibi yabaki kuwa kweli.