Minazi Minane

Nilinunua shamba hili la Kombani mwaka 1994 kwa kiinua mgongo changu cha jeshi. Asubuhi ya pili nikamkuta mzee mmoja ameketi chini ya mnazi wangu, na juu yake kijana anaangua nazi. Nikajua nimekamata wezi. Mzee hakuinuka. Akajibu salamu yangu yote, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema, “Mwanangu, ardhi umenunua. Minazi hujanunua.”

Ilikuwa minane, imesimama kati ya lango na kisima. Baba yake ndiye aliyeipanda, na huku Pwani mtu anaweza kuuza udongo akabaki na mti wake. Nilipanda hadi Kwale mjini na hati yangu mkononi nikitaka niambiwe kwamba huo ni upuuzi. Nilimkuta karani, Mdigo wa makamo, akaisoma hati, akaikunja vizuri, akanirudishia. “Iko sawa,” akasema. “Na minazi ni ya mzee.”

Mimi ni Mkamba wa Kwale. Baba alitoka Machakos miaka ya sitini kuja kuanza maisha kwenye makazi mapya ya Shimba Hills, akatulea kwa mahindi, mihogo na rozari ya kila jioni. Jeshi niliingia 1979. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilinikuta kambini, na hayo yanatosha.

Safari niliyopenda kuisimulia ni ya Namibia, 1989, chini ya Umoja wa Mataifa. Batalioni za askari wa miguu zilikuwa tatu: Wafini, Wamalesia na sisi Wakenya. Nilikwenda nikidhani nakwenda vitani. Kumbe kazi ilikuwa kuonekana. Unasimama njia panda na kofia ya buluu, jua linakuchoma, na hakuna linalotokea. Na kwa sababu umesimama pale, hakuna linalotokea. Siku za uchaguzi, tarehe 7 hadi 11 Novemba, niliwatazama kina mama wakipanga foleni tangu alfajiri, watoto mgongoni, nami sikufanya lolote ila kusimama. Sijawahi kuchoka vile.

Mke wangu alilea watoto wanne kwa miaka kumi na mitano kwa barua na pesa za posta. Niliporudi alinipa jembe kabla hajanipa chai. Tulichimba mashimo ya futi tatu kwa tatu, tukatia samadi, tukapanda miche ya ile minazi mirefu ya huku, ambayo haizai mpaka mwaka wa sita, mingine wa nane. Mtu aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi hupata tabu sana na mnazi.

Kwa hiyo ile minane iliyokuwa ikizaa ilinikera macho. Mzee alikuja atakavyo, hodi haimhusu. Hata kugema alinikataza. Mgema alipokuja kwa minazi yangu michache niliyoikuta shambani, mzee alimfuata na bakora kuhakikisha hakosei mti. “Hii haigemwi,” akasema. “Sitaki kuulizwa siku ya Kiyama kwa tembo la Sajini.” Tulibishana karibu miaka mitatu. Mke wangu aliniambia, “Baba watoto, umekwenda kupatanisha watu Namibia, mzee mmoja wa Kombani anakushinda?”

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari wakauawa. Asubuhi matatu hazikufika njia panda. Walikuja watu kwa miguu, wengine na magodoro kichwani, wanasema wabara wanaambiwa wahame, nyumba zinachomwa. Kanisa letu la Likoni lilijaa wakimbizi hadi nje ya ukuta. Na msitu wa Kaya Bombo, uliotajwa sana baadaye katika habari za washambulizi, hauko mbali na hapa. Nilimpeleka mke wangu na watoto kwa baba, Shimba Hills, ambako Wakamba tulikuwa wengi. Mimi nikarudi. Nilikuwa na mbuzi sita na kiburi cha askari.

Jioni ile mzee alikuja na mkeka, birika la kahawa na taa ya chemni. Akatandika chini ya minazi yake, palepale langoni.

“Mzee, utaumizwa bure.”

“Naangalia minazi yangu. Nenda kalale, Sajini.”

Usiku wa pili walikuja. Nilikuwa nyuma ya mlango, rozari mkono mmoja, panga mkono mwingine. Nilisikia wakimwamkia, naye akiwaitikia mmoja mmoja, bila haraka, kama alivyoniitikia mimi siku ile ya kwanza. Kisha Kidigo kirefu, cha sauti ya chini. Nilishika neno la minazi tu. Kikombe kikagonga birika. Halafu nyayo zikaondoka kwenye majani makavu, na mzee akakohoa.

Alilala pale siku saba. Aliyowaambia hakuniambia kamwe, nami sikumuuliza. Ya nane alikuja na mkwezi wake, akaangua, tukahesabu kama kawaida: zako, zangu. Nikamwambia achukue na zangu. Akaniuliza kama naumwa.

Alifariki mvua za El Niño zilipokuwa zimekwisha, mwaka uliofuata. Nilipokezana na wenzangu jeneza mpaka msikitini, nikangoja nje na viatu vya watu, kisha tukaendelea hadi makaburini. Minazi ikamwangukia mwanawe, ambaye anakaa Mombasa. Miwili imekufa kwa mende wale wenye pembe wanaotoboa kilele. Amenitaka mara mbili niinunue iliyobaki, kwa bei ya chini mno. Nimekataa, na watoto wangu wanadhani uzee umeniingia.

Mwezi uliopita mkwezi aliangua nazi tisini na nne kwenye ile sita. Nilizihesabu mara mbili, nikazitia magunia, nikampigia simu mwana wa mzee. Akasema, “Mzee, wewe ziuze tu, unitumie kwa M-Pesa.”

Nikamwambia aje achukue.