Wosia wa al-Wuhsha

Nilipokwenda Cambridge mwaka 1984 kufanya uzamili wa masomo ya Kiyahudi, nilidhani nitashinda na Torati, Talmudi na falsafa ya Maimonides. Msimamizi wangu hakunipa hata kimoja. Alinikabidhi barua ya mfanyabiashara wa karne ya 11 anayelalamika kwamba kitani alicholetewa kimelowa maji njiani. "Anza na hii," akasema, akarudi kwenye kazi zake.

Barua ile ilitoka katika sinagogi la Ben Ezra, huko Fustat, ambayo sasa imemezwa na jiji la Cairo. Kwa desturi ya Wayahudi, maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi jalalani. Huwekwa kando mpaka yazikwe. Nasi pwani twalijua hilo, ukurasa wa msahafu uliochakaa hauachwi ukakanyagwa. Lakini watu wa Fustat walizidisha. Karibu kila kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania walikitia katika chumba kimoja cha sinagogi lile: hati za ndoa, hesabu za duka, madaftari ya watoto wanaojifunza alfabeti, orodha za maskini waliogawiwa mikate.

Mwaka 1896 mabibi wawili pacha wa Kiskoti, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirudi kutoka Mashariki na vipande vya karatasi, wakamwonyesha Solomon Schechter, aliyekuwa akifundisha Cambridge. Kimoja kilikuwa cha kitabu cha Ben Sira kwa Kiebrania chenyewe, kitabu ambacho kwa karne nyingi kilijulikana kwa tafsiri tu. Kabla mwaka haujaisha Schechter alikuwa Cairo, na shehena aliyorudi nayo inahesabiwa kuwa vipande 193,000 hivi. Sifa hupewa yeye. Mimi huanza na wale pacha, ambao wangekuwa wanafunzi pale Cambridge wasingepewa digrii, kwa kuwa wanawake hawakupewa hadi mwaka 1948.

Sasa hiyo barua. Kiebrania nilijifunza Nairobi, darasa moja na vijana waliokuwa wakijiandaa kuwa wachungaji. Kiarabu nilikitoa madrasa, Mombasa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Wayahudi wa Misri waliandika Kiarabu chao kwa herufi za Kiebrania, lakini kuambiwa si kukutana nacho. Karatasi ilikuwa ndani ya plastiki angavu, kingo zimeliwa, wino umepauka ukawa rangi ya chai. Penseli tu ndiyo iliyoruhusiwa mezani. Nilihangaika na mstari wa kwanza asubuhi nzima, mpaka nilipoanza kuusoma kwa sauti ya chini, herufi baada ya herufi, na masikio yakatambua kabla ya macho: barua yangu hii, bwana wangu, Mungu akurefushie maisha. Salamu juu ya salamu, dua juu ya dua, ndipo kitani kikafuata. Nikacheka peke yangu. Bibi yangu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua zake kwa kaka yake wa Lamu zilikwenda vivyo hivyo: nusu ukurasa wa heshima, kisha mambo ya minazi.

Baada ya hapo nilikwenda mbio, isipokuwa kwa Kijerumani. Wasomi wa Berlin ndio walioanzisha taaluma ya masomo ya Kiyahudi mwaka 1819, na bado ukigusa jambo lolote unapelekwa kwenye tanbihi zao. Kijerumani kilinitesa kuliko Kiaramu.

Nyumbani waliuliza kama nimebadili dini. Chuoni waliuliza ni kanisa gani limenituma. Mwenzangu wa darasa alikuwa kijana wa Haifa. Kenya ilikuwa imevunja uhusiano na Israeli tangu 1973, na vita vya Lebanon vilikuwa vibichi vinywani mwa kila mtu. Siasa tulizigusa mara moja tukaumizana, tukaziacha. Yeye alinisahihishia Kiebrania, mimi nikamsahihishia Kiarabu, na kwa kazi hiyo tuliaminiana.

Februari 1985 zikaja habari kwamba S. D. Goitein amefariki Princeton. Mjerumani huyu aliyehamia Palestina mwaka 1923, kisha Marekani, ndiye aliyezitoa karatasi za Fustat kwenye hadhi ya takataka, akawapa madalali na wauza mafuta historia yao katika mabuku makubwa. La tano lilitoka 1988, mwenyewe hayupo. Siku ile msimamizi wangu hakufundisha. Alinipa makala ya Goitein kuhusu al-Wuhsha, akaniambia nikaitafute hati yenyewe.

Al-Wuhsha alikuwa dalali wa Fustat, binti wa mwenye benki wa Alexandria, mwanamke tajiri aliyeishi kiasi cha mwaka 1100. Alizaa mtoto nje ya ndoa na mtu aitwaye Hassun. Siku ya Yom Kippur, siku ya toba ya Kiyahudi, alikwenda kusali katika sinagogi la Wairaki. Mkuu wao alipomwona akamtoa. Katika wosia wake aliliachia sinagogi lilo hilo fedha, sawa na mengine. Hassun hakumwachia hata senti. Wengi huona hapo huruma au toba. Mimi nilivyousoma, na nilivyoandika katika tasnifu, ni mwanamke anayewalipa waliomfukuza mbele ya mashahidi, ili jina lake lisomwe.

Mwanawe alimpangia mwalimu wa kumfundisha Biblia na sala. Mwalimu apewe blanketi na zulia la kulalia akae na mtoto, na dirhamu 5 kila wiki.

Niliporudi likizo nikamhadithia Bibi. Hakuuliza lolote kuhusu Wayahudi. Aliuliza huyo Hassun alikuwa kabila gani, nikamwambia Myahudi vile vile, akasonya. Akataka nirudie ile sehemu ya blanketi.

"Huyo alikuwa na akili," akasema. "Mwalimu alale papo hapo. Wewe babako alikupeleka chuoni kwa miguu, na njiani wacheza."